Raki ya Usukani Kwenye Pikapu ya Zamani: Kuiweka Mahali Pake ili Gari Lisijivute Kwenye Mabonde

Pikapu ya zamani ikishatolewa boksi la usukani na kufungwa raki (bomba lenye chuma cha meno kinachosogea kushoto na kulia kugeuza tairi), mara nyingi huwa tamu mjini na ya kutisha barabara kuu. Ukizunguka Mwanjelwa, Mbeya, kwa kilomita 30 kwa saa hutasikia kitu. Ukishuka Kitonga ukakanyaga breki, au ukipita lami yenye viraka huku malori ya Tunduma yanakufuata nyuma, usukani unakwenda wenyewe kushoto, unarudi kulia, na tairi za mbele zinaliwa pembeni kabla ya wakati wake. Gari linapelekwa alaimenti, linarudi, hali ni ile ile. Inabadilishwa tairodi endi (ncha ya tairodi, chuma kinachounganisha usukani na tairi), inabadilishwa shokapu, hali ni ile ile.

Sababu ni kwamba mashine ya alaimenti hupima gari lililosimama. Ubovu huu unazaliwa tairi linapopanda na kushuka: tairodi inachora upinde wake, amu za juu na chini (mikono inayolishika tairi kwenye chesisi) zinachora upinde wao, na pinde hizo zisipokubaliana tairi linageuka bila dereva kugusa usukani. Dawa yake ni kuhamisha raki au ncha ya tairodi. Hakuna bolti ya kukaza itakayoondoa hilo, na fundi anayefunga raki kwa macho kisha akaichomelea moja kwa moja anajitafutia kazi ya kukata tena.

Maelezo haya ni ya pikapu zenye amu mbili kila upande mbele, kama Datsun 620 ya miaka ya 1970 yenye tosheni baa (chuma kinachojisokota badala ya springi), au Hilux za enzi hizo zenye springi za kuzunguka. Kama gari lako lina ekseli nzima mbele juu ya springi za majani, kwa mfano Land Rover 109, usifunge raki kwenye chesisi kabisa. Ekseli inapanda na kushuka nzima huku raki imebaki pale pale, kwa hiyo hakuna mahali pa kuiweka patakapofaa. Gari la namna hiyo libaki na boksi lake, tengeneza boksi.

Kwanza hakikisha unachopima ni kizima

Bushi za amu zilizokwisha zinadanganya vipimo vyote. Badilisha bushi za amu ya chini na ya juu, boljointi nne (viungo vya gololi kwenye ncha za amu), na beringi za hab (kitovu kinachofungwa tairi) kabla ya kugusa raki. Kagua krosmemba ya mbele (chuma kinachokatiza chesisi) kwa kupima mshazari: kutoka tundu la bolti ya amu kushoto mbele hadi kulia nyuma, halafu kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3 chesisi imepinda, na hilo lanyooshwe kwanza.

Gari liwe na injini, giaboksi, radieta, betri na bodi yake. Jaza upepo wa kawaida. Kisha amua gari litakaa juu kiasi gani na lifungie hapo, kwa sababu kila namba utakayoandika kuanzia sasa ni ya kimo hicho tu. Ukija baadaye kukaza tosheni baa ili pua ipande sentimita 4, umetupa kazi yote. Pikapu ya kazi ina jambo moja zaidi. Ukiweka magunia ya viazi nyuma ya ekseli, nyuma inashuka na pua inapanda kidogo, kwa hiyo gari lenye mzigo linaishi upande wa tairi kushuka kuliko lilivyo tupu. Pima kimo cha mbele likiwa tupu, pakia mzigo wake wa kawaida, pima tena. Eneo lote kati ya vimo hivyo viwili ndilo linalotakiwa kuwa safi.

Kupata nukta nane

Unahitaji sakafu tambarare, stendi nne, timazi, pima maji, futi ya chuma na chaki. Piga mstari wa katikati ya gari sakafuni kwa kudondosha timazi kutoka katikati ya krosmemba ya mbele na ya nyuma. Kila upande tafuta nukta nne: kitovu cha bushi ya amu ya chini, kitovu cha boljointi ya chini, kitovu cha bushi ya amu ya juu, kitovu cha boljointi ya juu. Kitovu cha boljointi ni katikati ya ile gololi ndani. Usipime kutoka kwenye nati wala kwenye raba. Ukiwa na boljointi ya zamani uliyoitoa, ikate kwa msumeno uone gololi ilipo, upime kutoka hapo hadi kwenye uso wa chuma, na namba hiyo uitumie kwa zile mpya za aina ile ile.

Bushi za amu zikikaa kwa kuinama kutoka mbele kwenda nyuma, chukua kimo chake pale mstari wa bushi unapokatana na wima unaopita kwenye boljointi. Wengi huruka hapo, wanapima bushi ya mbele tu, kisha wanashangaa karatasi inasema sawa na gari linasema vingine.

Kila nukta iandikiwe namba mbili: umbali kutoka mstari wa katikati, na kimo kutoka sakafuni. Tuchukue mfano ili hesabu ionekane:

Bushi ya amu ya chini: 300 kutoka katikati, kimo 256.
Boljointi ya chini: 640, kimo 222.
Bushi ya amu ya juu: 380, kimo 470.
Boljointi ya juu: 600, kimo 492.

Namba zote ni milimita. Pima kulia na kushoto. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, rudi kwenye chesisi.

Sasa chora kwa ukubwa halisi. Karatasi haitoshi, tumia plaiwudi mbili zilizounganishwa, au sakafu yenyewe. Weka nukta nne. Chora mstari wa amu ya chini ukiuendeleza kuelekea upande wa pili wa gari, na wa amu ya juu vivyo hivyo. Mahali inapokatana ndiyo nukta ya makutano. Kwenye mfano wetu inaangukia milimita 730 ng'ambo ya mstari wa katikati, kimo 359. Amu zikiwa karibu sambamba, mistari itakatana mbali sana, pengine nje ya gereji. Hapo tairodi nayo iwe sambamba nazo.

Chora mstari mwingine unaounganisha boljointi mbili, na wa tatu unaounganisha bushi mbili. Ncha ya nje ya tairodi inatakiwa iwe kwenye mstari wa boljointi au jirani nao. Kwenye mfano wetu mkono wa nako (nako ni chuma kinachogeuka pamoja na tairi, na tairodi hushika mkono wake) unaiweka kimo 300, kwa hiyo iko 628 kutoka katikati. Kutoka hapo vuta mstari hadi nukta ya makutano. Unapokata mstari wa bushi, hapo ndipo jointi ya ndani ya raki inatakiwa kukaa: 321 kutoka katikati, kimo 313. Raki basi iwe na milimita 642 kati ya gololi zake mbili za ndani, na tairodi iwe na urefu wa 307 kutoka gololi hadi gololi.

Kimo kwanza, urefu baadaye

Hapa ndipo pesa hupotea. Mafundi hutafuta raki yenye upana kamili na kusahau kimo, wakati kosa la kimo ndilo linaloumiza. Tuendelee na mfano ule ule, mkono wa nako ukiwa milimita 130. Ukikosea upana kwa milimita 10 kila upande, tairi likipanda 50 linageuka kwa kama milimita 0.6 ukipima ncha mbili zilizoachana 600. Hilo dereva halisikii. Ukikosea kimo kwa milimita 10 zile zile, tairi linageuka kwa zaidi ya milimita 7. Hilo ndilo linalokutoa barabarani.

Kwa hiyo raki ya mtumba yenye upana wa 620 badala ya 642 inafaa kabisa ukiiweka kwenye kimo chake. Yenye 720 haifai hata ikae kimo sahihi, kwa kuwa tairodi inakuwa fupi mno. Ukienda kwenye spea za mtumba nenda na futi na namba yako mkononi. Vuta raba za vumbi, pima kati ya gololi za ndani raki ikiwa katikati. Usipime urefu wa bomba.

Jambo la pili la kuangalia ni upande. Raki nyingi za gari dogo lenye injini iliyolazwa kwa upana wa gari, Corolla kwa mfano, zilitengenezwa kukaa nyuma ya ekseli. Ukiichukua hiyo ukaifunga mbele ya ekseli, ukigeuza usukani kulia gari linakwenda kushoto. Kabla ya kulipa, shika pinioni (gia ndogo ya raki inayozungushwa na usukani), igeuze kama unavyogeuza usukani kulia, uone chuma cha ndani kinakwenda wapi. Mikono ya nako ikiwa nyuma ya ekseli, chuma kiende kushoto. Ikiwa mbele, kiende kulia. Kuipindua raki ili kurekebisha hilo kunaipeleka pinioni mahali ambapo kolamu (shafti ya usukani) haifiki, na mara nyingi hugongana na sampu (bakuli la oili chini ya injini). Tafuta raki ya upande wako tangu mwanzo.

La tatu ni mwendo. Raki ikienda milimita 140 kutoka mwisho hadi mwisho, ni 70 kila upande. Kwa mkono wa 130 tairi litakata kona kwa nyuzi kama 32, ambazo zinatosha. Kwa mkono mrefu wa 165 utapata nyuzi 25 tu, na pikapu itageuka kama lori kwenye vichochoro vya Soweto, Mbeya. Raki ya pawa ikifungwa bila pampu ni nzito sana. Tafuta ya kawaida isiyo na pawa, au funga pampu na mipira yake yote ya asili.

Kuifunga bila kuifungia

Mabano yatengenezwe kwa bati la milimita 6, yenye mbavu pande zote mbili. Mwanzoni matundu yawe marefu ya kusimama, ya milimita 30, ili raki iweze kupanda na kushuka wakati wa kupima. Chesisi za pikapu ni boksi; bolti ikipita humo bila bomba ndani, ukikaza chuma kinabonyea na baada ya mwezi bolti inacheza. Toboa, pitisha bomba lenye ukuta wa milimita 3, lichomelee pande zote mbili, ndipo bolti ya M12 ya gredi 8.8 ipite na nati ya kujifunga.

Raki iwe katikati. Geuza pinioni hadi mwisho wa upande mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, rudi nusu, weka alama ya rangi kwenye pinioni na kwenye mwili wa raki. Gololi mbili za ndani ziwe kimo kimoja kwa tofauti isiyozidi milimita 1, na umbali mmoja kutoka mstari wa katikati. Raki iliyolala upande ina ugonjwa wake: kila bonde linalovamiwa na tairi zote mbili kwa pamoja linasukuma gari upande ule ule. Dereva akikwambia gari linavuta kushoto kwenye kila tuta, kulia kamwe, pima hili kabla ya kitu kingine.

Chomelea kwa doti tu. Kabla ya kuchomelea toa raki nje, kwa sababu joto linaua sili zake, na waya wa ethi uushike kwenye chuma kile kile unachochomelea. Umeme ukipita kwenye boljointi au beringi unaacha vidonda kwenye gololi.

Kupima tairi likipanda na kushuka

Ondoa springi. Kwenye tosheni baa, piga alama ya rangi kwenye baa na kwenye mshiko wake, pima urefu wa nyuzi zilizobaki kwenye bolti ya kurekebishia, ndipo ulegeze. Shokapu itoke. Jeki ikae chini ya amu ya chini. Chesisi iwe juu ya stendi imara kwenye kimo ulichoamua. Raki ifungwe katikati kwa klempu ili isisogee.

Bila tairi, funga ubao mnyoofu au bomba la aluminiamu la milimita 700 kwenye hab, lilale sambamba na sakafu. Simamisha dayo geji mbili (saa za kupimia milimita) kwenye stendi nzito zikigusa ubao, moja mbele na moja nyuma, zikiachana milimita 600. Panga zote zisome sifuri kwenye kimo cha gari. Panda milimita 10, soma zote mbili, andika. Endelea hadi 60, au hadi raba ya kugotea. Rudi sifuri, kisha shuka hivyo hivyo. Tofauti kati ya geji mbili ndiyo kugeuka kwa tairi. Zote mbili zikisogea sawasawa, hab imehama kando tu, na hiyo ni kawaida ya amu.

Kama huna geji, tochi ya leza inatosha, ila uitumie vizuri. Ifunge kwenye hab ikielekea mbele na uangalie alama yake kwenye ubao ulio mita 3 mbele. Kosa la kawaida ni kusoma ubao huo mmoja. Tairi likipanda, hab nayo inahama kando milimita kadhaa, na alama inahama nayo hata kama tairi halikugeuka. Weka ubao wa pili jirani na hab kwanza, soma. Uondoe, soma wa mbali. Toa cha karibu kwenye cha mbali. Kinachobaki ndicho kugeuka, na kila milimita 5 kwenye mita 3 ni sawa na milimita 1 kwenye mita 0.6.

Sasa soma tabia ya namba zako. Kufunga maana yake ncha za mbele za tairi zinasogea ndani, yaani toini. Kufungua ni kinyume chake. Mistari hii minne ni ya mikono ya nako iliyo mbele ya ekseli:

Tairi likipanda linafungua na likishuka linafunga: jointi ya ndani iko juu mno ukilinganisha na ya nje. Shusha raki, au pandisha ncha ya nje.
Likipanda linafunga na likishuka linafungua: raki iko chini mno. Ipandishe.
Linafunga pande zote mbili, juu na chini: tairodi fupi mno.
Linafungua pande zote mbili: tairodi ndefu mno.

Mikono ikiwa nyuma ya ekseli, geuza neno kufunga na kufungua katika mistari yote minne. Mara nyingi makosa mawili huchanganyika na mchoro wake hupinda upande mmoja zaidi ya mwingine. Ondoa la kimo kwanza, pima upya, ndipo uone kilichobaki.

Kwa vipimo vya mfano wetu, kila milimita 1 ya kimo hubadilisha karibu milimita 0.75 ya kugeuka kwenye safari ya 50. Ukisoma 3, hamisha 4. Kwa pikapu ya barabarani lengo letu ni kisichozidi milimita 1 kwa kila tairi katika safari ya 50 ya juu na 50 ya chini. Kama lazima kitu kibaki, kibaki kufungua kidogo tairi likipanda. Tairi linalofunga likipanda huliingiza gari ndani ya kona zaidi ya ulivyoomba, na kwenye kona za kushuka Tukuyu kukiwa na mvua hilo ni hatari. Hata kufungua kuwe kudogo: ukikanyaga breki kwenye mteremko pua inazama, tairi zote mbili zinapanda ndani ya bodi, na zikifungua sana gari linaanza kuyumba wakati ule ule unapolihitaji linyooke.

Raki ikigoma kufika kwenye kimo

Sampu inazuia, au puli ya fani. Hapo hamisha ncha ya nje. Njia safi ni kugeuza tairodi endi: kama inaingia mkono wa nako kutoka juu, iingie kutoka chini. Gololi inahama kwa unene wa mkono pamoja na urefu wa shingo mara mbili, jambo ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko unavyohitaji, kwa hiyo pima kabla. Tundu lina mteremko wa koni, na koni haigeuki. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma atengeneze bushi ya chuma yenye koni sahihi ndani. Paka shingo chaki ya buluu, ingiza, zungusha, toa: rangi iguse angalau theluthi mbili za koni pande zote. Ikigusa juu tu au chini tu, shingo itakatika siku moja.

Njia nyingine ni rozi jointi (kiungo cha gololi kilicho wazi) na bolti nene yenye bomba la kuinulia. Inarekebishika kwa wosha za milimita 1, na kwa kupima ni nzuri sana. Kwa matumizi ya kila siku tunasita kuitumia. Haina raba, na tope la Rungwe wakati wa mvua linaila haraka. Ukiitumia, bomba lisizidi milimita 25, kwa sababu bolti inashikwa upande mmoja na kila milimita ya urefu inazidisha kupinda. Ivike raba ya rozi jointi, na uikague kila unapobadilisha oili.

Usipashe moto mkono wa nako ili kuupinda. Usiuchomelee. Usikate tairodi ukaiunga kwa welding. Tairodi ndefu ikatwe nyuzi, au ipatikane ya urefu sahihi, au ikerezwe kiungio chenye nyuzi za ndani. Nyuzi zilizoingia zisipungue mara moja na nusu ya unene: kwa nyuzi za M14, milimita 21.

Kona kali na mwisho wa usukani

Gari likikata kona, tairi la ndani linatakiwa kugeuka zaidi ya la nje. Ukitazama kutoka juu, mstari unaopita ncha ya tairodi na boljointi, ukiuendeleza nyuma, uelekee katikati ya ekseli ya nyuma. Mikono ikiwa nyuma, inainama ndani. Ikiwa mbele, inainama nje kuelekea diski. Ndiyo maana kubadilishana nako za kushoto na kulia ili mikono ije mbele ni kosa: mikono inabaki imeinama ndani, tairi la nje linageuka zaidi, na kwenye kila kona ya gereji utasikia tairi zinalia zikisuguliwa. Marekebisho madogo yanapatikana kwa raki yenyewe. Kuirudisha nyuma kunaongeza tofauti hiyo, kuipeleka mbele kunaipunguza, iwe raki ya mbele au ya nyuma ya ekseli.

Ila usirudishe hadi tairodi na mkono vikaribie kunyooka mstari mmoja usukani ukiwa mwisho. Vikinyooka, tairi linagoma kurudi. Geuza hadi mwisho, pima pembe kati ya tairodi na mkono. Zikibaki chini ya nyuzi 30 kabla ya kunyooka, weka kizuizi. Vizuizi vya chuma viwe kwenye nako na amu, vigonge kabla raki haijafika mwisho wake wa ndani. Raki isitumike kama kizuizi. Hakikisha pia mipira ya breki haivutiki tairi likiwa chini kabisa na usukani mwisho, pande zote mbili.

Kolamu

Krosi mbili (viungo vya msalaba vya shafti), kila moja isizidi nyuzi 30, na zikaribiane kwa pembe. Masikio ya krosi kwenye shafti ya kati yalale usawa mmoja. Yakipishana, usukani utakuwa mzito na mwepesi mara mbili kila mzunguko, na hisia hiyo mtu huisingizia raki. Ukilazimika kuweka krosi ya tatu, shafti ishikwe na beringi kwenye chesisi. Shafti zisiungwe kwa welding kitako kwa kitako. Chukua shafti na krosi zenye meno kutoka gari lile lile lililotoa raki, na bolti ya kubana ipite kwenye mkato wake.

Kukamilisha

Namba zikikubali, chomelea mabano kabisa raki ikiwa nje, ziba matundu marefu uache ya duara, paka rangi, rudisha. Pima tena mara moja. Welding huvuta chuma milimita 1 au 2, na sasa unajua hiyo ina maana gani. Rudisha springi na usawazishe kimo kwa alama zako. Nati za tairodi endi zikazwe, na tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee) lisipolingana kaza mbele, usilegeze.

Ndipo alaimenti iwe na maana: kasta (mstari wa boljointi kuinamia nyuma) nyuzi 3 hadi 4 kwa raki isiyo na pawa, sawa pande zote, na toini ya jumla milimita 1 hadi 3. Washa gari, mtu azungushe usukani limesimama, wewe tazama mabano kutoka chini. Raki ikisogea kando zaidi ya milimita 1, ongeza mbavu au badilisha bushi zake.

Jaribu kwanza barabara tupu iliyonyooka kwa kilomita 40 kwa saa, mikono imeshika kidogo. Pita bonde kwa tairi la kushoto peke yake, kisha la kulia, kisha zote. Funga breki kwa nguvu mara tatu. Usukani usitikisike kutafuta upande. Baada ya hapo panda 80. Mteremko wa Kitonga usubiri hadi mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani awe ameliona gari na mabadiliko yake.

Baada ya kilomita 500 rudi chini: kaza bolti za mabano, tazama kotapini, pima kimo cha mbele. Springi na bushi mpya hukaa, na pua ikishuka milimita 10 ipandishe irudi kwenye kimo ulichopimia.